Mcheza Kwao Hutuzwa

Wahenga wamesema: mcheza kwao hutuzwa. Ngomani, amtuzaye mchezaji ni yule aliyesimama uwanjani akamwona anavyocheza. Fedha humtoka mkononi kwa kuwa moyo umekwisha kuridhika. Neno tuzo, litajwalo sana siku hizi katika fasihi ya Kiswahili, ni la uwanja huo. Basi yafaa kuulizwa kama tuzo za leo zingali na watazamaji wa nyumbani, au zimebaki na waamuzi peke yao.

Mfano wapatikana chini ya milima ya Usambara. Si mbali na Mombo, pale barabara ya Lushoto iachanapo na njia kuu ya Tanga na Moshi, iko Mazinde, iliyokuwa makao ya Semboja katika karne ya 19. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyepata kumtumikia Semboja, ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, tarehe ya ukoo uliotawala Usambara kutoka Vuga. Kazi hiyo ilipigwa chapa na wamisionari wa Magila, sehemu baada ya sehemu, kuanzia 1895. Mwandishi alifariki 1912. Kitabu kizima, kilichohaririwa na J.W.T. Allen, kilitoka 1962, nusu karne baada ya mwenyewe kuzikwa.

Hapo kikatambuliwa; lakini kwa namna gani? Wanahistoria walikishika kama ushahidi, na Steven Feierman alipoandika The Shambaa Kingdom (1974) hakuweza kukipita. Wengi wa watu wa fasihi ndio waliokipita. Ilhali mwenye sikio la lugha akisoma habari za Mbegha mwindaji, alivyotoka Ngulu hali amekataliwa na ndugu zake, akafika milimani akagawa nyama na kupewa utawala, ataona kuwa hapa pana msimulizi, si karani. Watu wa kitabu hiki hunena: hushauriana, hutumiana wajumbe, huahidiana na kuhadaana. Mwandishi huwaacha wajifichue kwa maneno yao wenyewe. Kumwita mtoa habari tu ni kumtuza nusu.

Shaaban Robert wa Tanga hakukosa sifa katika uhai wake. Hata hivyo, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitolewa 1968, miaka sita baada ya kufa kwake. Waswahili husema chema chajiuza. Vitabu hivi vyashuhudia kwamba chema nacho huhitaji mchukuzi.

Zama zetu zimeleta wachukuzi wapya, nao wastahili shukrani. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014, na mwaka uliofuata Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa Pemba, akashinda kwa diwani yake N'na Kwetu. Tanzania nayo ikatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2023, kwa riwaya na ushairi. Ubora wa tuzo hizi si fedha, bali ni kule kuufungulia mswada mlango wa matbaa. Mshairi aishiye mbali na miji mikuu aweza leo kupeleka kazi yake bila kumjua mtu.

Kasoro yaanzia pale sherehe imalizikapo. Jina la mshindi hujulikana kuliko shairi lake. Picha hutangazwa, uhakiki hauandikwi; na kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam au Nairobi hakiupandi mlima wa Soni kwa miguu yake. Mwandishi asiyesomwa kwao hupoteza zaidi ya sifa: humkosa yule msomaji awezaye kumwambia kwamba hapa vina vimelegea, na kwamba neno hili kwetu halisemwi hivi. Waamuzi humpa cheo. Msomaji wa nyumbani ndiye ampaye ustadi.

Kwa hiyo kila tuzo ingetenga sehemu ya nakala kwa shule na maktaba za wilaya atokayo mshindi, naye akaalikwa kusoma huko mbele ya watu wake. Na Habari za Wakilindi ichapwe upya, pamoja na maelezo yanayoichambua kama kazi ya sanaa. Watoto wa Mombo na Mazinde wakikisoma kitabu hicho darasani, 'lAjjemy atakuwa ametuzwa na wenye uwanja.