Vidole Viwili vya Mwenda Jean-Bosco

Wako watu wanaodhani kwamba kupanga muziki ni kazi ya mwenye karatasi, kalamu na kundi kubwa la wapigaji. Mmoja atunge wimbo; kisha fundi mwingine awagawie watu kazi: huyu apige sauti ya chini, huyu ya juu, na yule ashike mwendo. Lakini kule Katanga alikuwako mtu aliyezifanya kazi hizo zote peke yake, juu ya gitari moja. Huyo ni Mwenda Jean-Bosco, aliyeitwa pia Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka 1930, akakulia katika nchi ya migodi, mahali ambapo watu wa makabila mengi walikaa pamoja na kusikilizana kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akanasa nyimbo zake kwa mashine. Mmoja wao, "Masanga", ulipata zawadi ya Osborn, na sahani zake zikasikilizwa mbali sana na Katanga.

Basi, ndugu msomaji, tuusikilize kwa makini. Mkono wa kuume unatumia vidole viwili tu. Kidole gumba kinapiga nyuzi nene, na kidole cha kuonyeshea kinapiga nyuzi nyembamba. Gumba kinakwenda sawasawa, kama mtu anayetwanga. Mwenzake hakifuati nyayo zake, bali kinaingia katikati. Pengine kinahesabu tatu pale gumba kinapohesabu mbili. Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa; lakini viwili vya Bosco vilitosha kwa kazi ya watu watatu. Aliyezoea likembe hatashangaa sana, maana huko nako vidole vichache hushonana hata msikilizaji asijue sauti ipi imetoka wapi.

Watu wamekosea juu yake kwa njia mbili. Wa kwanza walisema kwamba anaiga Wazungu, kwa sababu gitari imetoka kwao. Kweli, mikao ya mkono wake wa kushoto ni ile ile anayoanza nayo kila mwanafunzi. Lakini matofali ya namna moja hujenga nyumba nyingi zisizofanana, na nyumba hii ramani yake ni ya Bosco.

Wa pili walimsifu, lakini vibaya. Walisema kwamba ni muziki wa kienyeji tu, kana kwamba umeota wenyewe kama majani ya porini. Sivyo. Bosco hurudia kipande kifupi, na katika kurudia hubadili kitu kidogo: hapa anaongeza sauti moja, pale anachelewesha nyingine, mbele anaacha nafasi tupu. Mtaalamu David Rycroft aliandika upigaji huo sauti kwa sauti, akautangaza katika jarida African Music mwaka 1961 na 1962. Anayesoma maandishi yale ataona akili inayochagua. Kazi hii ina mwenyewe.

Tusimsifu bila kupima. Maneno ya nyimbo zake mara nyingi hayafuatani kama hadithi. Anataja mtu, anatania, anaonya, kisha anapita. Anayeyasoma bila kusikia gitari ataona upungufu. Mashairi yake hayafikii nyuzi zake.

Alipiga Nairobi, na wapigaji wengi wa Afrika ya Mashariki wakamwiga. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1988 alinasa tena nyimbo zake Cape Town, na miaka miwili baadaye, mwaka 1990, akafa katika ajali ya motokari.

Zamani zile zile orkestra za Léopoldville zenye gitari za umeme zilikuwa zimeiteka nchi nzima. Humo gitari kadhaa ziligawana kazi ya vidole viwili. Faida ilikuwa kubwa: sauti ilijaa, watu wakacheza. Lakini hasara iko pia. Kila mmoja akijua sehemu yake tu, ni nani atakayejua wimbo mzima? Bosco aliujua mzima, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia nusu.

Methali yasema, mcheza kwao hutunzwa. Zawadi ya Bosco ilitolewa na wageni, nasi wa kwao tumebaki na deni. Kulilipa si vigumu. Kijana anayejifunza "Masanga" kwanza apige sehemu ya gumba peke yake, mpaka asiteleze, kisha sehemu ya juu peke yake, kisha aziunganishe. Na wenzake wakimwuliza wimbo huo ni wa nani, asiseme ni wa zamani tu. Ataje jina.