Picha ya Muswada Haina Sauti

Siku hizi kila anayezungumza juu ya urithi wetu husema kwamba dawa yake ni intaneti. Miswada ipigwe picha, nyimbo zirekodiwe, hadithi za wazee ziwekwe mahali ambapo kila mwenye simu atazipata, na hapo urithi utakuwa umeokoka. Mimi si adui wa rai hiyo. Lakini naona imechanganya mambo mawili: kuonyesha kitu, na kukirudisha kwa wenyewe. Nitatoa mfano wa miswada ya tenzi za Kiswahili, kwa kuwa ndiyo niliyoishughulikia zaidi.

Anayeifahamu Lamu atakuwa amelisikia jina la Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, mchongaji na mpiga ala, na tena mnakili mwenye mkono mzuri sana. Wazungu waliotafuta tungo za kale walimwandikia na kumlipa awanakilie: Alice Werner na William Hichens wa Uingereza, na Ernst Dammann wa Ujerumani, ambaye alikaa Lamu mwenyewe katika miaka ya 1930. Hivyo ndivyo karatasi zilivyosafiri. Nyingi leo zimo katika maktaba ya SOAS, London, pamoja na zile alizokusanya W. E. Taylor huko Mombasa kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. Miaka ya 2000 wataalamu wa SOAS, akiwemo marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, walifanya kazi ya kuziorodhesha, na nyingi zimewekwa kwenye tovuti.

Kazi hiyo inastahili shukrani, nami naitoa bila kinyongo. Zamani kijana wa Pate aliyetaka kuuona mkono wa Kijumwa alihitaji nauli ya ndege, barua ya chuo na visa. Sasa anahitaji simu na bando. Mchwa, chumvi ya bahari na mvua za masika vimekula karatasi nyingi za pwani, na picha haziliwi na mchwa. Asemaye kwamba afadhali miswada ingebaki majumbani hajafungua masanduku ya majumbani.

Lakini huyo kijana akishaufungua ukurasa, anaona nini? Hapa ndipo hoja yangu inapoanza. Herufi za Kiarabu, kama walivyozitumia wazee wetu, hazikutenganisha sauti zote za Kiswahili. Herufi moja iliweza kusimama badala ya b, p na mb. Alama moja ya irabu ilikuwa ya i na ya e, nyingine ya u na ya o. Kwa hiyo neno lile lile lililoandikwa kwa be mbili laweza kuwa bibi, au pipi, au pembe. Wapo waliobuni alama za ziada, ila wengi hawakuzitumia, na si kwa uvivu. Hati ile haikukusudiwa kumfundisha utenzi mtu asiyeujua. Ilikusudiwa kumkumbusha anayeujua. Karatasi ilikuwa nusu ya kitu. Nusu ya pili ilikuwa sikioni na kooni mwa msomaji.

Nimewahi kukaa na mzee mmoja, mwanafunzi wa chuo cha Kurani wa zamani, tukitazama picha ya ukurasa kama huo. Mimi nilikuwa nikisoma herufi kwa herufi. Yeye alitazama neno la kwanza la ubeti, akafumba macho, akauimba mpaka mwisho. Kisha akafumbua macho na kuniambia kwamba mnakili ameruka neno katika kipande cha tatu. Aliyekuwa na muswada kamili pale alikuwa yeye, wala si ile picha. Na mzee yule hakuna aliyempiga picha wala kumrekodi.

Hilo ndilo kosa ninaloliona katika miradi mingi ya namna hii: imehifadhi nusu iliyokuwa rahisi kuhifadhiwa. Tena maelezo yake huwa kwa Kiingereza. Mwenye utenzi akitaka kujua utenzi wa bibi yake umeelezwaje, sharti apitie lugha ambayo bibi huyo hakuijua. Kitu kilichorudishwa na kufungwa kwa kufuli la lugha nyingine hakijarudi sawasawa.

Upande wa pili wa jambo ni ruhusa. Si kila kilicho chetu ni cha kila mtu. Nyimbo za unyago hufundishwa wanawari ndani, na makungwi wana sababu zao. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar mwaka 2013, alizifikisha baadhi jukwaani. Lakini alikuwa mwenye elimu hiyo, na aliamua mwenyewe. Hali ni tofauti pale kijana mwenye kamera anapoamua kwa niaba ya makungwi. Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Hawakusema nduguyo ajipakulie bila kumwuliza mwenye chungu.

Wapo waliolifikiria jambo hili vizuri kuliko sisi. Huko Tennant Creek, Australia, watu wa Warumungu walishirikiana na Mmarekani Kimberly Christen, na mwaka 2007 wakawa na hazina yao ya picha na sauti iitwayo Mukurtu, jina la mfuko wa kuwekea vitu vya thamani. Humo, anayeruhusiwa kuona kitu fulani huamuliwa kwa desturi zao: ukoo wake ni upi, ni mwanamume au mwanamke, na aliye pichani kama yu hai au amekufa. Baadaye programu hiyo ilitolewa bure kwa jamii nyingine. Sisemi tuiige yote. Nasema kwamba wao walianza kwa kuuliza nani aone, na sisi huanza kwa kuuliza kamera itatoka wapi.

Kama ningeulizwa, ningeomba mambo matatu, wala si ya gharama kubwa. Kila ukurasa wa utenzi uwe na sauti ya mtu anayeughani, na jina lake liandikwe kama lilivyoandikwa la mnakili. Maelezo yawe kwa Kiswahili kwanza. Na wenyewe wawe na haki ya kusema hiki kiondoeni, wakasikilizwa. Karatasi za London zitadumu. Zina sanduku, baridi na mlinzi. Wazee wanaoweza kufumba macho na kumaliza ubeti hawana mlinzi, na kila mwaka wanapungua. Aliye na kinasa sauti na aanze kwao.