Missa Luba: Noti au Ubunifu?

Missa Luba iliundwa Kamina, Katanga, na kwaya ya Padri Guido Haazen, ikarekodiwa mwaka 1958. Maneno ni ya Kilatini; ama sauti, waimbaji walizibuni papo hapo juu ya misingi ya nyimbo za jadi, na noti zilinukuliwa baadaye. Mwaka huohuo, New York, ilipigwa konseti ya piano ya John Cage ambayo wapigaji walijichagulia sehemu za kupiga. Uhuru wa New York huitwa majaribio. Ule wa Kamina huitwa mapokeo. Ubaguzi huo hauna msingi. Aidha, kwaya inayoiiga rekodi noti kwa noti huhifadhi sauti na kupoteza mbinu. Mwanafunzi wa Kasomeno sharti ajifunze kubuni, ndipo asome noti.