Kituo cha Wazee Kisumu: Mizani ya Mpango Mwema wa Mapumziko

Kupanga mapumziko ya siku mbili au tatu kwa ajili ya wazee walio njiani ni ustadi kamili, wenye mafundi wake na wababaishaji wake, na mtu aliyezoea kuutazama huweza kutenga kazi njema na kazi mbovu kabla safari haijaanza, kwa kuisoma ratiba tu. Nitaueleza ustadi huo kwa mfano wa mji wa Kisumu, na hasa mtaa wa Migosi, kwa sababu Kisumu ni kituo tangu kuzaliwa kwake: reli iliyotoka Mombasa ilipofika ukingoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, na mahali hapo pakaitwa Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi Ronald Preston, wasafiri walianza kushuka hapa, wakapumua, ndipo wakavuka kwenda Uganda. Hata leo mzee atokaye pwani kwenda kumwoza mjukuu Kampala, au arudiye kutoka ughaibuni kwenda kuzuru makaburi ya jamaa zake Siaya, hapati mahali pafaapo zaidi pa kutua mzigo.

Kabla ya kutaja alama moja moja, sharti tukubaliane juu ya kipimo. Vijana wengi wapangao safari za wazazi wao, kwa mapenzi yasiyo na shaka, huihesabu raha kwa wingi wa mahali palipozuriwa. Kwa hiyo hujaza asubuhi, wakajaza adhuhuri, wakajaza na jioni, wakidhani kwamba saa iliyo tupu ni takrima iliyopungua. Mimi nashikilia rai nyingine, kwamba mapumziko ya njiani yapo kwa ajili ya safari inayoendelea, na kwamba mzee akiondoka Kisumu akiwa na siha zaidi ya ile aliyoingia nayo, mpango ulikuwa mwema ijapokuwa hakuona ila kitu kimoja. Alama zote zinazofuata zatoka katika kipimo hicho.

Namna ya kufika

Msomaji mzoefu wa ratiba hutazama kwanza saa ya kufika. Barabara ya kutoka Nairobi, ambayo ni takriban kilomita 350, hupanda katika baridi ya nyanda za juu za Kericho, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kisha huteremka hadi ziwani, kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, ambako joto la mchana hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi. Na mwili wa mtu wa miaka sabini, uliokaa kitini mchana kutwa, huyapokea mabadiliko hayo kwa kuvimba miguu na kuumwa kichwa. Ndege huondoa taabu hiyo kwa safari isiyotimia saa moja, nayo yafaa palipo na uwezo. Walakini, mzee akija kwa basi au akija kwa ndege, alama ya ufundi ni moja: siku ya kufika haina matembezi. Ina maji ya kuoga, chakula chepesi, kitanda, na labda kiti nje ya mlango wakati wa alasiri. Ukiona ratiba inayompeleka mzee ziwani jioni ile ile aliyoshuka garini, iweke kando, usihangaike kuisoma iliyobaki.

Malazi ya Migosi

Migosi ni mtaa wa makazi, kaskazini-mashariki ya kitovu cha mji, karibu na Kondele na karibu na barabara iendayo Kakamega. Hauna mandhari ya ziwa, na kwa sababu hiyo wapangaji wengi huupita. Lakini kwa mizani ya wazee una fadhila ambazo hoteli za ufukweni aghalabu hazina, nazo ni nyumba za kupanga zenye jiko na sebule, majirani wanaoamkiana, duka la karibu la kununulia maziwa na ndizi, na masafa mafupi hadi Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia kwa kukumbuka msaada wa Wasovieti ulioijenga.

Hata hivyo si kila nyumba ya Migosi yafaa, na hapa ndipo ustadi hujulikana. Mbabaishaji hutazama picha za makochi na pazia. Fundi humpigia simu mwenye nyumba na kumwuliza maswali ambayo majibu yake hayapigwi picha. Je, kuna ngazi ngapi tangu langoni hadi kitandani, na upo mkono wa kushika? Maghorofa mengi ya huko hayana lifti, hivyo orofa ya chini ndiyo ya kuchagua. Je, choo ni cha kukalia, na sakafu ya bafu, ikilowa, huteleza? Je, mzee akikaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zake hufika chini zote mbili? Je, chandarua kinaweza kuchomekwa na mtu asiyeweza kupiga magoti? Umeme ukikatika, je, kuna namna ya kuhifadhi dawa itakayo baridi, na tangi la maji lina akiba? Je, jirani kuna baa ya muziki, au kanisa lenye kesha usiku wa Ijumaa? Mwenyeji mwema hujibu mara moja na kwa hesabu, kwa kuwa ameishi na watu wazima au amewahi kuwapokea. Yule ajibuye kwamba kila kitu kipo sawa hajaitazama nyumba yake kwa macho ya mgeni mwenye umri.

Saa za jua na saa za ziwa

Hakuna jambo linalomtambulisha fundi kwa haraka kama namna anavyozigawa saa za mchana, kwa maana Kisumu ina tabia yake ya hewa. Asubuhi maji ya ghuba ya Winam hutulia. Adhuhuri ikipita upepo wa ziwani huvuma kuja nchi kavu na kuamsha mawimbi. Na alasiri nyingi za msimu wa mvua, hasa Aprili na Mei, mawingu hurundikana, radi ikapiga, mvua ikashuka kwa nguvu kisha ikakatika. Kwa hiyo kila shughuli ya mguu au ya mashua yapasa kumalizika kabla ya saa tano asubuhi, na muda wa tangu saa sita hadi saa kumi ni wa kulala, kusali na kuzungumza. Ratiba inayoweka mashua saa tisa alasiri imeandikwa na mtu asiyelijua ziwa.

Katika asubuhi moja mzee hutosheka na mahali pamoja, na mji una mahali pa kutosha pa kuchagua. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana boma la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala, nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, ikiwa mahali pake mkabala wa lango. Na hapo nimeona wazee wa kila kabila wakigeuka kuwa waalimu, wakilinganisha ghala na ghala, paa na paa, mpaka vijana waliowaleta wakabaki kusikiliza. Hifadhi ya Impala, iliyo kando ya ziwa, ina miti mikubwa yenye kivuli, swala pala wanaolisha, na nzohe, yule swala wa vinamasini ambaye ni nadra kuonekana kwingine. Dunga ina kinamasi cha mafunjo na daraja la mbao la kutembelea juu ya majani, ambako mpenda ndege hukaa kimya akangoja. Anayetaka mashua apande asubuhi, avae jaketi la kuokolea maisha, na ashikwe mikono na watu wawili wakati wa kupanda na wa kushuka.

Nao mpango mbovu hujulikana kwa tamaa. Mpangaji asiyejizuia huona mwamba wa Kit Mikayi ni kilomita thelathini tu, Maseno penye mstari wa ikweta pako upande huo huo, kijiji cha Kogelo hakiko mbali, na kisiwa cha Ndere kiko hapo majini. Basi huviunga vyote katika siku moja. Kila kimoja chastahili siku yake, na mzee aliyesafiri njia ndefu hana siku hizo. Kwa jioni yatosha machweo: jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na ufuko wa Hippo Point hulitazama vizuri. Litazameni mkiwa mmekaa, mzee amevaa mikono mirefu, na gari likiwa tayari, kwa sababu ukanda wa ziwa una malaria na mbu hawangoji giza kamili. Dawa ya kinga ni neno la kumwuliza daktari kabla ya kuondoka nyumbani.

Mezani na garini

Chakula cha Kisumu ni sababu tosha ya kusimama hapo, nacho chahitaji busara. Ngege, yaani perege, ni samaki mtamu kuliko wote kwa ulimi wa wengi, lakini ana miiba myembamba, na mzee ambaye macho yake yamefifia hula kwa hofu. Mpangaji mwangalifu humwagizia mnofu wa mbuta, yaani sangara, au ngege wa mchuzi aliyechambuliwa na mtu aketiye ubavuni pake. Ugali uwe laini, mboga ziwe akeyo au osuga, yaani mgagani au mnavu, zilizotiwa maziwa, na chumvi iwekwe mezani badala ya kumwagwa jikoni, kwa ajili ya wenye shinikizo la damu. Mlo mkubwa uwe wa mchana. Ukiona ratiba haisemi mzee atakula saa ngapi, ujue pia kwamba haijui atameza dawa saa ngapi.

Kuhusu usafiri wa mjini, bodaboda haimfai mzee hata kidogo, na tuktuk yafaa kwa masafa mafupi tu, maana hurusha mgongo kwenye matuta. Bora ni teksi ya dereva mmoja kwa siku zote, aliyekubaliana nanyi bei na kwamba atangoja. Dereva huyo huwa sehemu ya malazi: hujifunza upande ambao goti huuma, husimamisha gari penye kivuli, na huwaamkia wazee kwa taadhima ya Kijaluo, oyawore asubuhi, jaduong' kwa mwanamume mwenye mvi. Heshima hiyo humrudishia msafiri nguvu, nayo haimo katika bei ya chumba chochote.

Hukumu

Basi anayetaka kuhitimu katika kazi hii na amwendee mzee mwenyewe kabla ya kushika kalamu, amwulize mambo matatu: huamka saa ngapi, huchoka saa ngapi, na ni kitu kipi kimoja ambacho asingependa kupita Kisumu bila kukiona. Kisha aandike ratiba juu ya majibu hayo, akiacha katika kila siku nafasi ya mzee kusema hapana bila ya mtu yeyote kupoteza fedha wala kununa, kwa kuwa mgeni asiyeweza kukataa si mgeni, ni mzigo unaosafirishwa. Ratiba ya namna hiyo aghalabu haizidi mistari sita. Iwekwe mezani kando ya ile iliyojaa, na wote wawili, mzazi na mwana, wazisome pamoja. Sijaona mzazi aliyekawia kuchagua.