Chama cha Msalaba wa Mishale: Kura Zilitoka Wapi?

Wako makada wanaofundisha kwamba ufashisti wa Hungaria uliletwa na vifaru vya Hitler. Fundisho hilo linaacha nusu nzima ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wenye kazi ya siasa.

Ni kweli kwamba tarehe 15 Oktoba 1944, mtawala Horthy alipotangaza kusimamisha vita, Wajerumani walimteka mwanawe, wakamng'oa yeye na kumkabidhi serikali Ferenc Szálasi. Lakini Mei 1939, kabla kifaru chochote cha Kijerumani hakijaingia Budapest, Chama cha Msalaba wa Mishale kilipata viti 29 bungeni. Chama cha Demokrasia ya Kijamaa kilipata 5. Szálasi mwenyewe alikuwa gerezani! Basi hata hoja ya mtu mmoja mwenye ulimi mtamu haisimami.

Kura nyingi zilitoka vitongoji vya wafanyakazi kandokando ya Budapest, na kwa wakulima wasio na ardhi. Kwa nini? Baada ya mapinduzi ya 1919 kuvunjwa, Chama cha Kikomunisti kilipigwa marufuku. Desemba 1921 viongozi wa Demokrasia ya Kijamaa wakafunga mapatano na Waziri Mkuu Bethlen: waachiwe vyama vyao vya wafanyakazi, nao wasiende kuwaunganisha vibarua wa mashambani, wala wasiwaguse watumishi wa serikali na wa reli. Huko ni kuwauza wanyonge kwa makabaila, tena kwa bei ndogo. Mafashisti walipofika na ahadi za ardhi walikuta uwanja mtupu. Wakamtaja Myahudi kuwa ndiye mnyonyaji, na kabaila akapumua.

Tusimtakase Horthy pia. Kati ya Mei na Julai 1944, Wayahudi zaidi ya 430,000 walisombwa, wengi wao hadi Auschwitz, na polisi wa serikali iliyokuwa chini yake. Wanamgambo wa Szálasi waliendeleza mauaji hayo kwa kuwapiga Wayahudi risasi kwenye kingo za mto Danube.

Csepel ulikuwa mji wa viwanda ambako mafashisti walikuwa wamejipenyeza sana. Desemba 1944 serikali ya Szálasi iliwaamuru wakazi wake wahame. Wakagoma, na amri ikabidi ifutwe.