Yadi Mia za Milt Stegall

Katika futiboli ya Kanada, wadakaji wanaojipanga nyuma ya mstari ambapo mpira huanzia huanza mbio kabla mpira haujachezwa. Kwa Wamarekani, ambao mchezo wao ni ndugu wa huu, mdakaji haruhusiwi kuukimbilia mstari mapema hivyo. Kule Kanada mdakaji anakuja kwa kasi kutoka nyuma, akikusudia kuufikia mstari mpira unapotoka tu. Akichelewa, mbio zake ni za bure. Akiwahi nusu hatua, ameotea, na timu inarudishwa yadi 5. Aliyezoea kudandia daladala linalotembea anaijua hesabu hii mwilini: unaukimbilia mlango pale utakapokuwa.

Hesabu hiyo Milt Stegall aliimudu kuliko yeyote niliyewahi kumtazama. Alizaliwa Cincinnati, Marekani, akachezea timu ya Bengals ya mji huohuo kuanzia 1992 hadi 1994 bila kupata nafasi ya kudumu. Mwaka 1995 akaenda Winnipeg, Kanada, kuchezea Blue Bombers, na hakuhama tena mpaka msimu wa 2008. Huko uwanja una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 65, na timu hupewa majaribio matatu tu ya kusogea yadi 10. Nafasi ni kubwa, subira ni ndogo, kwa hiyo mpira hurushwa mbali, na mtu wa kuufuata huko mbali alikuwa yeye. Alidaka mipira 854, kila mmoja ukizaa kwa wastani karibu yadi 18.

Kasi alikuwa nayo, lakini wenye kasi ni wengi. Anayetazama mpira tu hamwoni mdakaji. Mwangalie beki: amefundishwa kukazia macho kiuno cha mpinzani, kwa kuwa macho na mabega hudanganya. Basi mdakaji hodari hukifundisha kiuno nacho kudanganya. Hupunguza mwendo kidogo tu, beki naye akapunguza, kisha huondoka. Mikono huinyanyua dakika ya mwisho kabisa, maana mikono iliyonyanyuliwa mapema humwambia adui kwamba mpira unakuja.

Tarehe 20 Julai 2006, mjini Edmonton, Winnipeg walikuwa nyuma 22 kwa 19. Zilibaki sekunde 4, na mpira ulikuwa kwenye yadi 10 ya upande wao wenyewe, yadi 100 kutoka wanakotaka kufika. Mrushaji wao, Kevin Glenn, akaurusha juu kwa nguvu zake zote. Stegall akaudaka katikati ya mabeki bila kukata mwendo, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Ikawa 25 kwa 22. Wengi huuita muujiza, nami neno hilo silipendi hapa, kwa kuwa linamnyima fundi haki yake. Zile mbio alikuwa amezikimbia tangu 1995, mara nyingi bila mpira kumfikia.

Hakuwahi kutwaa Grey Cup, kombe la ubingwa. Mwaka 2001 Calgary waliwafunga Winnipeg 27 kwa 19 katika fainali. Mwaka 2007 walifika tena, Glenn akiwa amevunjika mkono, na Saskatchewan wakashinda 23 kwa 19. Wapo wanaoiona kazi yake ina pengo kwa sababu hiyo. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Kombe huletwa na watu 12 uwanjani, pamoja na mkono mzima wa mrushaji. Kufika mahali mpira utakapoangukia ni kazi ya mtu mmoja, na yeye aliifanya kwa misimu 14.

Mwaka 2012 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la futiboli ya Kanada, na mwaka huohuo Geroy Simon wa BC Lions akaipita rekodi yake ya yadi 15,153. Tachidauni zake 147, yaani mara alizoufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, hajazifikia mtu. Winnipeg wamempa barabara, Milt Stegall Drive, karibu na ulipokuwa uwanja wa zamani alikochezea.