Kiingereza cha Amin Kilitungwa London

Vijana wetu hapa Midia wakiigiza Amin wanavunja Kiingereza, wanatoa macho, watu wanacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini hiyo sauti si ya Koboko. Miaka ya 1970 Alan Coren aliitunga katika jarida la Punch, London. Mwaka 1975 John Bird akairekodi kwenye santuri. Ni kama maharamia wa sinema, ambao bado wanamwiga mwigizaji mmoja wa 1950, Robert Newton. Forest Whitaker, kwa filamu yake ya 2006, angalau alijifunza Kiswahili.

Amin aliua wengi, simtetei. Ila kinachochekwa zaidi pale ni Kiingereza cha mtu wa huku. Juzi binti mmoja alisimama mkutanoni kuomba maji; nyuma mtu akaitoa ile sauti. Binti akaketi.